Kanuni ya Lori

Sekela kaiandika kwa chaki, ukutani mwa ghala, Uyole:

lori lapanda Kitulo
ikiwa dizeli ipo,
ikiwa hakuna habari ya maporomoko.

Isome kinyumenyume, ananiambia.
Ukitaka kichwa, kautafute mwili kwanza.

Dizeli: ipo, nimechungulia.
Habari: nimemuuliza mlinzi, nimepiga simu tatu,
nimemuuliza hata mama wa viazi kutoka Igoma.
Hakuna.
Basi kanuni imekubali. Lori likamezwa na ukungu.

Usiku sikulala.
Niliisoma "hakuna habari" kuwa "hakuna maporomoko",
na mwenye habari, Ambakisye,
huenda yuko ng'ambo ya udongo ulioshuka,
anapunga tochi,
mtandao haushiki.

Kulipokucha nikakuta mstari wa nne,
mwandiko wa Sekela, umepinda:

ikiwa Ambakisye amesema.