Uzito wa Ndoo Tupu

Karani, niliwaza, hapendi maneno mengi.
Ana foleni mlangoni, vidole vinanata asali.
Basi katika lugha niliyoitunga hapa Tabora,
chumba cha nyuma, Ng'ambo, feni ikikoroma,
aandike tu: pima(Nyamizi)
na asiyoyasema yajijaze yenyewe.

Mizani ipi? Iliyo mbele yake.
Siku gani? Leo ya anayeita,
si leo yangu mimi niliyeandika
(hilo nililikosea kwanza:
wiki nzima asali yote ilipokelewa Jumanne).
Chombo je? Debe.
Tupu: kilo moja. Toa.

Nilijisifu. Hata Kiswahili, nilisema,
hakikulazimishi kutaja: "amepima,"
na ile a ndogo pale mbele
imebeba mtu mzima.

Kisha Nyamizi akaja kutoka Ipole.
Hakuja na hasira, alikuja na ndoo,
ya plastiki, kifuniko cha buluu,
akaiweka tupu juu ya mizani.
Nusu kilo.
"Na nusu ya pili," akauliza, "huwa mnampa nani?"

Nikafungua kumbukumbu.
Ndoo mia nne na kumi na mbili tangu Mei.
Hakuna aliyedanganya.
Karani hakusema debe. Nyamizi hakusema debe.
Nilisema mimi, usiku mmoja wa Februari,
kwa niaba ya kila atakayenyamaza.

Mihambo akashauri tufute chaguo-msingi zote,
kila hoja itajwe, kila mara, kwa jina lake.
Tukajaribu Alhamisi.
Kufika saa nne foleni imevuka barabara,
na karani ananakili mstari wa jana bila kuusoma:
chaguo-msingi lilelile,
ila sasa halina mwenyewe.

Basi tumefika hapa. Mizani haitajwi. Siku haitajwi.
Tupu inatajwa; ukiiruka, lugha inagoma,
inauliza kwa herufi nyekundu: chombo gani?
Karani ananiita mkorofi.
Zimebaki hoja tatu sijaziamua.

Wenye ndoo tunawafuata kwa pikipiki, na orodha.
Nyamizi alikuja mwenyewe kuchukua chake.
Nikamkaribisha chai, nikamtilia sukari,
vijiko viwili, huku naongea.

Akakitazama kikombe.
Akanitazama mimi.