Swali la Saba

Fomu ina maswali kumi na moja.
Sita ya kwanza mtu huyajibu kwa pumzi moja:
jina, kijiji, namba ya mtumbwi, urefu wake,
aina ya nyavu, ukubwa wa macho.
La saba ndilo hukaa kooni kama mwiba wa perege:
"Umewahi kutiwa hatiani kwa uvuvi haramu?"

Anaeli Mbwambo aliandika NDIYO,
akakandamiza hadi kalamu ikatoboa karatasi
na wino ukaacha doa kwenye meza ya kikundi,
meza ambayo mimi, katibu, huifuta kila Jumatatu.

Kikao kilikuwa saa nne. Kilianza saa sita.
Mlima ulikuwa umejifunika, hautaki ushahidi.
Upepo wa mashamba ya miwa ulileta masizi,
yakatua juu ya muhtasari kabla sijaandika neno.

Mwenyekiti Kiangi akasema waraka uko wazi:
mwenye kosa hapewi leseni, miaka mitano.
"Kicheche aliyemaliza kifungo bado ni kicheche.
Nani atamkabidhi banda?"
Watu wakacheka.
Bi Ndekusara hakucheka. Alikuwa amegeuza ndoo
yake ya samaki, ameikalia.
"Miezi kumi na minane Karanga," akasema,
"mtumbwi ukataifishwa,
kokoro likachomwa mbele ya shule,
moshi wa nailoni ukaingia darasa la tatu,
watoto wakakohoa somo zima la hesabu.
Niambieni, deni hili lina risiti ngapi?"

"Na bwawa je?" Huyo Msifuni, kijana, hajakaa.
"Bwawa analilipa nani?
Mwaka ule nilitega siku tatu
nikapata perege wa kujaza kofia.
Mke wangu alilea uzazi kwa uji mtupu."
Hapo pakawa kimya,
maana hilo nalo lilikuwa kweli.

Kisha sauti za nyuma, zile zisizosimama:
"Mkimnyima karatasi mtampa giza."
"Na vile visamaki vya kokoro tulivila wote.
Au mlidhani vilizaliwa vimekaangwa?"

Mimi niliandika. Kazi yangu ni kuandika.
Sikuandika kwamba usiku ule
tulikuwa mitumbwi miwili.
Kwamba wangu ulikuwa mbele, karibu na matete,
na kurunzi ya doria ilipogeuka
iligeuka kushoto.
Kushoto alikuwa Anaeli.
Kwamba mahakamani, Moshi mjini,
alipoulizwa, "Ulikuwa na nani?"
alinitazama, nipo benchi la tatu na shati la kanisani,
akajibu, "Nilikuwa na njaa."
Hakimu aliona ni jeuri.
Akamwongezea miezi mitatu.

Leseni yangu imo ndani ya plastiki, ukutani,
kando ya picha ya kipaimara cha binti yangu.
Kwenye swali la saba niliandika HAPANA.
Wala si uongo.
Hatiani sikutiwa.

Kura zikawa tisa kwa tisa.
"Katibu hujapiga," mtu akasema.
Nikainama.
Nikaandika: Suala limeahirishwa.
Mwandiko wangu ni mzuri, kila mtu huusifu.

Nje, Anaeli alikuwa amechuchumaa ukutani,
miguuni viatu alivyojishonea gerezani.
Hakuuliza tumeamua nini.
Alitazama miguu yangu.
"Soli imeachia," akasema.
"Niletee kesho. Sindano ninayo."

Nikaitikia kwa kichwa.
Nikashika njia ndefu, ile isiyoona maji,
na kila hatua soli ikafunguka,
ikafumba,
ikafunguka.