Unene wa Karatasi

Miaka ishirini na sita, kiwandani, kaskazini mwa Ufini,
vidole vyangu vilipima karatasi ikipita ya moto:
hii nzito, hii nyepesi, simamisha mashine.
Siku ya mwisho wakatupa keki na kahawa,
kisha wakatutupa.

Sasa saa moja asubuhi naegesha gari thelujini,
nakung'uta viatu mlangoni kwa Bi Tuulikki,
aliyenifundisha hesabu darasa la tatu
na hanikumbuki.

Siku ya kwanza nilimvalisha soksi kinyume.
"Wewe ni fundi bomba?" akauliza.
Nikasema ndiyo. Ilikuwa rahisi kuliko ukweli.

Mshahara umepungua. Shemeji Pentti bado anacheka:
mwanamume mzima, kuosha vikongwe!
Acha acheke. Hujafa hujaumbika.

Leo namkausha mkono, polepole,
katikati ya vidole, palipo na ngozi
nyembamba kuliko chochote nilichowahi kupima,
mishipa ya samawati kama mistari ya daftari.

"Saba mara nane?" ananiuliza ghafla, jicho kali.

"Hamsini na nne," nasema.

Ananichapa kikofi kiganjani.
"Rudia, Raimo."