Nukta Nne

Kila baada ya saa tatu sauti yake ilinifikia Bishkek
imechubuka njiani,
nusu mtu, nusu mchakaricho.
"Kok-Bel hapa. Andika."
Nami niliandika, miaka kumi na mmoja:
halijoto, mgandamizo wa hewa, kimo cha theluji,
na upepo, alioupima kwa bamba la bati linaloning'inia,
akihesabu limeinuka meno mangapi.

Sikuijua sura yake.
Nilijua kikohozi chake cha Januari.
Nilijua kuna mbwa asiyeipenda zamu ya saa tisa usiku.

Mwezi wa saba nikapanda na vyombo vipya,
masanduku matatu, farasi wawili,
na karatasi ya mkuu wetu Kadyrkul, isubiriyo sahihi:
*vya kale viondolewe, viharibiwe.*

Burulai alikuwa mfupi kuliko sauti yake.
Nilimkuta kapiga magoti nje,
anapaka upya alama za mti wa kupimia theluji
kwa rangi nyekundu ya kucha.
Rangi ya serikali, alisema, bado iko njiani
tangu binti yake anyonye. Binti sasa ni daktari wa meno.

Akanitembeza kwenye vyombo vyake
kama mama anayemkabidhi yaya watoto:
Huyu wa mgandamizo huchelewa. Mgonge mara mbili
kwa ukucha, si kwa kidole, kidole humshtua.
Saa inayozungusha ngoma ya karatasi
hupoteza dakika sita kwa juma;
Jumatatu naisukuma mbele, hatugombani.
Wino huganda, basi nautilia vodka, matone tu.
Akanyamaza kidogo.
Matone mengine si ya wino.

Na kipimajoto?

"Kioo kiliteleza kwenye ubao wake kabla sijaja.
Kinazidisha nukta nne.
Jua liwake, barafu ipasue mawe, ni nukta nne.
Napunguza."

Kila usomaji?

Hakunijibu. Nikakokotoa mwenyewe nikiwa nimesimama:
mara nane kwa siku, miaka thelathini.
Karibu mara elfu tisini amelitoa kosa lile
kwa kichwa, gizani, glavu mdomoni,
na kwenye daftari zangu mjini
halikuwahi kuonekana hata unywele wake.

"Kosa lisilobadilika," alisema akimimina chai,
"ni la kuaminika kuliko shemeji zangu."

Husemwa mchagua jembe si mkulima.
Sijui. Yeye alilichagua lake kila alfajiri,
lile lile, la mpini uliopasuka,
akijua ufa unaanzia wapi
na kiganja kikae wapi kisiumwe.

Tukafunga vipya. Vilikuwa vizuri, nisiseme uongo.
Vilitaja joto bila kuombwa, kwa tarakimu za kijani.
Burulai alivitazama kama atazamwavyo mkwe tajiri:
kwa adabu,
mikono nyuma.

Oktoba, zamu ya saa tisa usiku.
"Kok-Bel hapa. Andika.
Chini ya sifuri, nane nukta tisa."
Nikaandika.
Mchakaricho. Mbwa.
"Futa. Ni nane nukta tano.
Mkono," akasema, kisha upepo ukamla neno,
"... wenyewe."

Katika miaka yote ile sikuwa nimefuta kitu chake.
Nilipitisha mstari mmoja mwembamba,
kiasi kwamba nane nukta tisa inasomeka bado
kwa atakayetaka.

Karatasi ya Kadyrkul ina sahihi yangu.
*Viharibiwe*, nami nikatia sahihi.
Kipimajoto kiko dirishani kwangu, nyuma ya pazia.
Asubuhi hii kimesema nyuzi kumi na moja.

Kumi nukta sita.
Nachukua koti.