Mpira wa Kusikilizia

Jumamosi, Hawes. Mvua ya Yorkshire haijaamua inyeshe au isinyeshe.
Bwana Thwaite kafungua boneti ya Triumph yangu
kama afunguaye barua ya deni.

"Inakohoa ikipanda," namwambia. "Bondeni haina neno,
lakini pale Buttertubs inakata pumzi,
nabaki na kondoo, tunatazamana."

Vichujio vya hewa kaviweka benchini.
Ana kipande cha mpira, rangi ya ini, urefu wa mkono:
ncha moja sikioni, ncha ya pili mdomoni
mwa kabureta ya kwanza. Halafu ya pili.
Hizi ni pacha. Zikivuta sawa, gari ni gari;
mmoja akizidi, mwenziwe hubweteka,
na injini hutikisika kama meza yenye mguu mfupi.

Anasikiliza. Anageuza skrubu. Anasikiliza.
Anairudisha skrubu pale pale ilipokuwa.

Nilikuwa mkunga miaka thelathini na moja.
Namjua mtu anayesikiliza,
na namjua mtu aliyeshika chombo tu.

Nikamimina chai. Mficha uchi hazai,
lakini uchungu nao hauharakishwi.
Akafuta vidole, masizi yakabaki kwenye mistari.
"Sauti nyembamba zimeniacha," akasema, "tangu Februari.
Nasikia ngurumo. Hewa siisikii."
Mkewe hajui. Wateja hawajui.
Mbwa anajua.

Nikanyoosha mkono. Akanipa mpira.

Kushoto: mtoto mwenye njaa, anafyonza kwa pupa.
Kulia: mtoto aliyesinzia, titi lingali mdomoni.
"Ya kulia imelala."
"Kiasi gani?"
Hilo sikuwa na kipimo chake. "Kama mtoto wa pili," nikasema,
naye, ajabu, akaelewa,
akasogeza bisibisi chini ya nusu ya robo.

Tena. Tena. Chai ikapoa juu ya betri,
duara zake ndogo zikitetemeka kikombeni,
kisha duara zikakoma.
Akaweka kiganja juu ya kifuniko cha valvu,
akafumba macho. "Ndiyo," akasema. "Hapo."

Akatia matone ya mafuta mepesi katika kila kuba,
akanikanya nisisahau, kama kawaida yake.
Kwenye risiti aliandika: *saa moja, watu wawili,*
akakata nusu ya bei.

Jumamosi ijayo kuna Healey ya daktari wa meno.
Aliniuliza kama nina nafasi
huku akiutazama mlima, si mimi.