Ndoo

Nilipewa karatasi nne, pini yake ina kutu,
na ofisi ya maafa, ghorofa ya pili, juu ya duka la dawa.
"Tafsiri," alisema Afisa Nzioki. "Istilahi hamsini na mbili.
Kiswahili chepesi, mwananchi aelewe. Nazitaka Ijumaa."

"Dharura" haikunisumbua.
Nikafika kwenye tofauti ya janga na maafa.
Niliandika: janga ni moto ukiwa kwa jirani.
Nikakata.

"Eneo la kukutania."
Langoni tukutane wapi? Katika vichochoro vyetu
punda wawili wakipishana, mmoja hurudi kinyumenyume.
Usiku ule tulikutana popote palipokosa moshi.
Bi Mwanamize aliketi juu ya jeneza la msikiti
asijue ameketi juu ya nini,
akihesabu wajukuu kwa vidole,
akikosa mmoja, akianza upya.

"Tahadhari ya mapema," kwetu, walikuwa paka.
Walishuka kutoka mapaa ya makuti, wote kwa pamoja,
wakielekea upande mmoja kama wanaokwenda maulidi,
na sisi barazani tukawacheka.

Kwenye "mnyororo wa amri" kalamu ilisimama.
Ofisi imechora visanduku na mishale:
mkurugenzi, chini yake mratibu, chini yake msaidizi wa mratibu,
na chini kabisa kisanduku kimeandikwa "jamii".
Mishale yote yaingia humo. Hakuna unaotoka.

Mnyororo niliouona mimi ulianzia kisimani kwa Shee Mbwana,
ukapita kwa fundi cherehani na futi yake shingoni,
kwa mwalimu wa chuo, kwa mlevi aliyelevuka ghafla,
kwa wake wenza wawili walioapa kutosemezana:
mkono wa huyu ukapokea kutoka mkono wa yule,
maji yakawamwagikia wote wawili,
na hawakusemezana.
Mashine ya zimamoto ilinguruma kule forodhani.
Mpira wake ulifika duka la halua, ukaishia hapo.

Hakuna aliyeamuru. Kulikuwa na sauti tu,
ya mwanamke, kutoka gizani: "Ndoo! Ndoo!"

Na hapa ndipo karatasi zako ziliponishinda, Afisa.
Kwa Kiamu ndoo ni ndoo, ya kutekea maji,
na ndoo ni njoo.
Askari wa kutoka bara walisikia chombo, wakakimbilia vyombo.
Sisi tulisikia tunaitwa.
Hadi leo sijui yule mama alitaka kipi.
Alipata vyote.

Halafu ikaja "tathmini ya hasara",
fomu yenye safu tatu: kitu, idadi, thamani kwa shilingi.
Daftari la mikopo la Bwanaheri wa dukani liliungua.
Liandikwe wapi? Ni hasara yake
na ni nafuu ya mtaa mzima.
Wengine tulikwenda tukalipa tulichokumbuka.
Wengine, tangu siku ile, hupita ndia nyingine.

"Ustahimilivu" ndilo neno alipendalo Afisa,
limo mara kumi na moja katika karatasi nne.
Nilimsomea Bi Mwanamize, nikamweleza maana.
Alitafuna tambuu yake polepole.
"Kumbe," akasema, "kuachwa kumepata jina jipya."

(Yule mjukuu aliyekosa hesabuni
alikuwa kisimani, akiteka.
Viganja vyake vilichunika kwa kamba.
Hilo nalo halina safu.)

Ijumaa nilipeleka. Nzioki alisoma akiitikia kwa kichwa
mpaka akafika ya ishirini.
"Mbona hapa umeandika ndoo?"
"Ndiyo tafsiri."
"Ya mnyororo wa amri?"
Nilisimama dirishani, mtaa wote uko chini,
mabati mapya yaking'ara palipokuwa makuti.
Nikamwita aone: "Ndoo."

Akainama, akatazama chini ya meza,
akitafuta chombo.