Bomba la Manjano

Ukija Jumamosi, njoo na sweta.
Ngazi ya kwa Nsimire haina pa kushikia:
hesabu vidato kumi na tisa, cha kumi na mbili kimevunjika.
Juu ni zege tupu, nondo zimesimama zikingoja ghorofa
ambayo mjomba wake anaiahidi tangu tukiwa shule ya msingi.
Hatuna haraka nayo. Ghorofa ikija, anga itakwenda.

Tochi yako ifunge kitambaa chekundu, mara mbili.
Simu igeuze kifudifudi.
Kisha kaa robo saa, macho yajifunze giza
kama ulimi unavyojifunza pilipili, polepole.
Na usitazame kaskazini. Huko tumeuachia mlima:
unapika chungu chake bila mfuniko,
na wekundu wake umemmeza Dubu Mkubwa na watoto wake.
Ukitupa jicho mara moja tu, anza kuhesabu upya.
Geukia ziwa. Taa za wavuvi wa sambaza ukishazizoea
utajua zinapokomea, na nyota zinapoanzia.

Kioo alikisugua Mumbere, miezi mitano,
akilizunguka pipa la mafuta, mchanga na maji, mchanga na maji,
hadi mama yake akamwuliza kama ni nadhiri.
Majivu ya mlima yakikiangukia, usifute.
Narudia, usifute: kila chembe ni ukucha wa paka.
Mwagia maji yaliyochemshwa yakapoa, yateremke yenyewe.
Na kabla ya kuchungulia kiache kitulie nusu saa;
kioo chenye joto la mchana humtetemesha Mshtarii
kama kiini cha yai.

Utauliza kwa nini bomba ni la manjano,
manjano ileile ya kidumu cha maji.
Lilikuwa jeusi.
Mwezi wa nane tulilipeleka Mugunga kwa chukudu,
limelala juu ya magunia ya makaa, mdomo mbele.
Doria ilituona kabla hatujaiona.
Hapo ndipo nilipojua bomba jeusi la mita moja na nusu
linafanana na nini katika mji wetu.
Tukalazwa juu ya mawe ya lava.
Mastaki alikuwa akisema darubini, darubini,
na kadiri alivyolirudia neno hilo
ndivyo lilivyozidi kusikika kama silaha.

Nsimire aliomba ruhusa ya kuinuka.
Akalisimamisha, akalielekeza, akarudi nyuma hatua mbili.
"Chungulia wewe, afande. Ukiona risasi, nipige nayo."

Aliona Zuhali.
Alikaa pale muda, kofia ameigeuza nyuma,
kisha akasema, "Mmebandika picha humu."
Akaziba mdomo wa bomba kwa kiganja. Pete zikatoweka.
Akakiondoa. Zikarudi.
Akafanya hivyo mara tatu, kama mtoto na swichi,
ndipo akawaita wenzake, mmoja mmoja, bunduki mgongoni,
na sisi tungali chini, magoti yanavuja damu,
tukimsikia kila mmoja akivuta pumzi.
Hakutuomba radhi. Alisema tu, "Pakeni rangi."

Daftari liko ndani ya mkebe wa maziwa ya unga.
Andika tarehe, saa, upepo, na ulichokiona,
si ulichokisoma.
Kahindo aliandika kwamba Kilimia kina nyota tisa.
Sisi wengine tulihesabu sita. Hatukumfuta.
Kurasa nyingi utakuta zimeandikwa: Mawingu. Tumekunywa chai.
Hizo nazo ni kurasa.

Umeme ukikatika mtaa mzima ukaguna,
wewe panda haraka.
Na leta sukari. Iliisha wiki iliyopita.